Vituo Tisa vya Wimbi

Asubuhi ya kwanza ya kazi, Nakhungu alidhaniwa mchawi.

Ukungu ulikuwa bado umelalia mahindi wakati mama mmoja alipotoka kwenda kukamua ng'ombe, akamkuta mwanamke asiyemjua amesimama kando ya ua wa shamba lake, kimya, bila kutikisika, uso ameuelekeza zizini. Mama akamsalimu. Yule mwanamke hakuitika. Aliinua kidole kimoja tu, kama anayesema ngoja kidogo, kisha akaandika kitu kwenye karatasi. Mama aliiacha ndoo pale pale akakimbia kumwamsha mumewe.

Nakhungu asingeweza kuitika. Dakika zake kumi zilikuwa hazijaisha, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe: kusimama mahali palipotiwa alama kwenye ramani, kunyamaza dakika kumi, na kuandika kila ndege aliyemwona au kumsikia, pamoja na hatua zilizokuwa kati yao. Kila mahali kama hapo paliitwa kituo. Yeye alipewa vituo ishirini na saba kwenye mteremko wa Mlima Elgon, upande wa Kapsokwony, na kila kimoja alitakiwa kukirudia kila wiki kwa wiki kumi na mbili, tangu mapambazuko hadi saa tatu asubuhi, kabla ndege hawajatulia kwa joto.

Dakika zilipokwisha aliinua macho. Watu sita walikuwa mbele yake, mmoja ameshika panga.

"Wewe ni nani?"

Nakhungu hata kanisani alikuwa akiimba kwa midomo tu. Alijibu kwa sauti iliyoishia kwenye kola ya koti lake. "Nahesabu ndege."

"Ati unahesabu nini?"

"Ndege."

Mmoja akacheka. Mwenye panga hakucheka. "Leo ndege, kesho ng'ombe, kesho kutwa mashamba. Tunawajua nyinyi watu wa karatasi. Huwa mnaanza hivyo hivyo."

Mfukoni alikuwa na barua ya chifu yenye mhuri, lakini woga ulimsahaulisha kama ana mfuko. Aliyemwokoa alikuwa bibi mfupi mwenye buti za mvua na sweta la kiume, aliyewapita wote akaja kumtazama usoni kwa karibu, kama anayekagua ndama sokoni.

"Muacheni," bibi akasema. "Mchawi gani huyu anatetemeka hivi? Njoo unywe chai, wewe msichana."

Huyo alikuwa Jepkorir. Kijiji kizima kilimwita Kogo, yaani nyanya, hata wazee waliomzidi umri.

*

Ili ujue kwa nini Nakhungu alitetemeka, ujue pia njia aliyopitia hadi kufika pale.

Alikuwa amemaliza shahada yake ya wanyamapori miaka miwili nyuma na kurudi nyumbani Kabuchai. Majirani walimuuliza mama yake, kwa upole kabisa, kama kweli kuna kazi ya ndege. "Iko," mama alikuwa akijibu huku akiendelea kupalilia, "ila haijamfikia." Mchana Nakhungu alilima na mama yake. Jioni alienda kusimama nyuma ya jiko, mahali pekee pale bomani palipokuwa na mtandao, akawaandikia walimu wa vyuo vikuu asiowajua, akiwaomba nafasi ya kusomea shahada ya pili katika maisha ya ndege. Aliandika barua hamsini na moja. Kumi na mbili zilijibiwa kwamba nafasi zimejaa. Nyingine, isipokuwa ya mwisho, hazikujibiwa kabisa.

Barua ya hamsini na moja alimwandikia Daktari Cheptoo, ambaye alikuwa akiongoza utafiti wa ndege wa mashambani, na ofisi yake ilikuwa nyumba ya kupanga mjini Kitale. Jibu lake lilikuwa na mistari mitatu. Kulikuwa na kazi ya msimu mmoja, Septemba hadi Novemba. Msimu ukiisha, mmoja kati ya wasaidizi wawili angepewa nafasi ya shahada ya pili iliyokuwa chini ya utafiti huo, iliyolipiwa tayari. Mstari wa mwisho uliuliza: Je, unaweza kunyamaza kwa muda mrefu?

Nakhungu alilia pale nyuma ya jiko. Maisha yake yote watu walikuwa wamemuuliza kama anaweza kuongea.

Msaidizi wa pili alikuwa Tonny, kijana wa Kipsongo, mrefu, mcheshi, aliyejifunza ndege tangu utotoni kwa kuwatega. Angeweza kumwiga dudumizi hadi dudumizi mwenyewe akamjibu. Yeye alipewa vituo vya karibu na Kitale, kandokando ya kinamasi, ambako ndege hawakosekani. Walikutana ofisini kila Jumamosi.

"Niaje, Nakhu," alimwambia Jumamosi ya kwanza. "Nasikia huko juu nusura wakuchome."

"Walinipa chai."

"Hao ndio wabaya zaidi, bana. Ukishakunywa huwezi kutoroka."

Alikuwa na sikio zuri kuliko lake na Nakhungu alijua hivyo. Alimpenda hata hivyo. Ilikuwa vigumu kutompenda Tonny.

*

Baada ya asubuhi ile, Nakhungu aliona kwamba hawezi kusimama kwenye shamba la mtu ambaye hajamsalimu. Ramani haikusema hivyo, lakini miguu yake ilisema. Basi alasiri zake, badala ya kupumzika katika chumba alichopanga Kapsokwony, alizitumia kupita nyumba kwa nyumba, akionyesha barua ya chifu na kueleza kwa sauti yake ndogo kwamba kesho akionekana amesimama kama mti, asiogopwe.

Vituo tisa vilikuwa kijijini kwa Kogo Jepkorir, cha kwanza kikiwa nyuma ya zizi la Kogo mwenyewe. Kila alipofika huko alikunywa chai. Kukataa hakukuwezekana. Na kwa sababu Kogo alikuwa mtu wa kuuliza na kungoja jibu, Nakhungu alijikuta akimwambia mambo ambayo hakuwahi kumwambia mtu: zile barua, na mama yake Kabuchai, na nafasi moja ya masomo kati ya watu wawili.

"Sasa ukisimama pale upate ndege wachache," Kogo akauliza, "inakuwaje?"

"Naandika wachache."

"Na usipopata?"

"Naandika sifuri."

Kogo aliweka kikombe chini. "Sifuri."

"Ndiyo, Kogo."

"Na yule kijana wa Kitale, yeye hupata ngapi?"

"Wengi. Yuko karibu na maji."

Bibi aliinua birika akamwongezea chai, akajaza hadi ukingoni.

Wiki mbili za kwanza, kituo cha nyuma ya zizi kilikuwa kimempa ndege sita, kisha saba. Wiki ya tatu kilimpa kumi na wanne. Wiki ya tano kilimpa thelathini na mmoja: tetere, shomoro, chiriku, minana, wameshuka kwa makundi hadi alishindwa kuandika kwa kasi yao. Ilikuwa hivyo hivyo kwenye vituo vingine vinane vya kijiji. Nakhungu alifikiri ni kwa sababu mahindi yalikuwa yakikauka. Alifikiri pia, moyoni, jambo ambalo asingelisema kwa mtu: kwamba pengine ndege wamemzoea.

Daktari Cheptoo alikuwa mwanamke wa maneno machache, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Jumamosi ya wiki ya saba aliwaita mbele ya ukuta ambako alibandika michoro ya hesabu zao.

"Vituo hivi tisa," akasema, kidole kikigonga karatasi ya Nakhungu, "sijaona mashamba kama haya katika miaka minane. Nimeshawaandikia wenzangu chuoni. Nakhungu, endelea hivyo hivyo. Nafikiri unajua ninalomaanisha."

Tonny alimpiga bega. "Haya, mwanafunzi wa shahada ya pili. Utatukumbuka?"

Jioni ile Nakhungu alimpigia mama yake. Jumapili kanisani Kabuchai, mama alisimama wakati wa shuhuda akasema mtoto wake atasomea ndege hadi mwisho wa kusoma. Watu walipiga makofi, wakamwombea.

*

Jumanne ya wiki ya nane, kituo cha tatu kijijini, nyumbani kwa mtu aliyeitwa Kipkemei, kulikuwa kimya. Nakhungu alisimama dakika nne na kuandika shorwe mmoja na kunguru aliyepita juu. Ndipo mlango ukafunguka na Kipkemei akatoka mbio, shati halijafungwa vifungo, kikombe cha plastiki mkononi.

"Pole, daktari wa ndege! Pole sana! Leo nimechelewa kuamka. Usiandike, ngoja kidogo."

Akaenda moja kwa moja kwenye kiwanja mbele ya ua na kumwaga yaliyokuwa kikombeni, kwa mkono uliozoea, kama anayepanda. Kisha akarudi nyuma kwa vidole vya miguu na kusimama mlangoni, akitabasamu.

Tetere wawili wakashuka. Kisha wanne. Kisha kundi la chiriku.

Nakhungu hakuandika. Dakika kumi zilipokwisha alikwenda akachuchumaa. Wimbi. Punje ndogo nyekundu katikati ya umande, na chini yake maganda ya siku nyingi.

"Nani alikuambia ufanye hivi?" aliuliza.

"Si ni Kogo! Alituzungukia sisi sote. Alisema msichana wetu anashindana na mtu wa Kitale, na huyo ana kinamasi." Kipkemei akashusha sauti. "Alisema ukipata sifuri utarudishwa nyumbani. Kwani hazitoshi? Naweza kuongeza kikombe."

Nakhungu alirudi nyuma ya zizi la Kogo, akapekua majani. Punje zilikuwepo. Sasa alikumbuka kitu ambacho macho yake yalikiona wiki zote na akili ikakataa kukipokea: walioongezeka walikuwa ndege wa nafaka peke yao. Chozi, ambao hunyonya maua na hawana haja na wimbi, walikuwa wawili wiki ya kwanza, na walikuwa wawili hadi leo.

Alitaka kukasirika, akashindwa. Wimbi hiyo ilikuwa ya uji wao. Nyumba tisa ziliamka gizani, kwa wiki sita, kumwaga chakula chao chini ili mtoto wa watu wengine, wa kabila lingine, asipate sifuri. Alikaa kwenye jiwe akalia, kwa shukrani na kwa hofu, asijue ni ipi iliyokuwa ikimliza zaidi.

Jumamosi hiyo hakusema. Alifika ofisini maneno yakiwa tayari, akayapanga njia nzima, na Daktari alipouliza kama kuna jambo alisikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Hakuna." Wiki ya tisa akasimama tena kwenye vituo vile tisa, akaandika tetere ishirini na watatu, akaona aibu kwa kila mmoja wao.

Alimpigia mama yake. Alimweleza yote. Kutoka Kabuchai zilisikika sauti za kuku tu.

"Na yule daktari amejua?"

"Bado, mayi."

"Na mimi nimeshasema kanisani."

"Ndiyo, mayi."

Mama akashusha pumzi. "Basi kule kanisani nitarudi kusimama mimi. Wewe simama huko kwako."

*

Alisema Jumamosi, akiwa amesimama, kwa sababu akikaa angejificha nyuma ya meza. Alisema yote, tangu chai na sifuri, hadi ile Jumamosi aliyonyamaza. Hakumtaja Kogo kwa jina hadi alipoulizwa.

Daktari Cheptoo alivua miwani. Akaivaa tena. Alikwenda ukutani akashusha mchoro wa Nakhungu, akauweka mezani, akachukua kalamu nyekundu. Kwa rula, bila haraka, akakata mstari juu ya vituo tisa, wiki ya tatu hadi ya tisa. Ilichukua muda mrefu.

"Wiki saba," akasema mwishowe.

"Ndiyo, Daktari."

"Ungeniambia Jumamosi iliyopita, zingekuwa sita."

"Ndiyo, Daktari."

"Rudi ukawaambie waache. Umebakiwa na wiki tatu. Fanya kazi."

Nje, karibu na lango, Tonny alimngoja na soda mbili. "Nakhu, sasa wewe pia! Ungenyamaza. Nani angejua?"

"Chozi," Nakhungu akasema. "Hawakuongezeka."

Tonny alitikisa kichwa. "Wewe ni noma," akasema. Ila alisema kwa heshima, na soda alilipa yeye.

Kumwambia Kogo ndiko kulikokuwa kugumu zaidi. Daktari alikuwa bosi, na bosi unaweza kumwogopa tu. Kogo alikuwa amempenda.

"Ni Kipkemei amekuambia," Kogo akasema kabla Nakhungu hajamaliza. "Huyo mdomo wake hauna mlango."

"Kogo, nakushukuru. Sijawahi kufanyiwa kitu kama hicho na mtu ambaye si mama yangu. Lakini naomba muache."

"Kwa nini? Ulitaka ndege wachache?"

"Nataka wale walio hapa kweli."

"Hao walikuwa hapa kweli. Si uliwaona kwa macho yako? Mimi niliwachora?"

Nakhungu alifikiri jinsi ya kueleza. Nje ndama alilia. "Kogo, ukitaka kujua ng'ombe wako anatoa maziwa kiasi gani, halafu jirani, kwa kukupenda, anakuja kila asubuhi kabla hujaamka anaongeza maziwa yake ndani ya ndoo yako. Utafurahi. Lakini ng'ombe wako hutamjua kamwe. Siku akiwa mgonjwa hutajua."

Kogo alitazama mikono yake, ambayo ilikuwa na vumbi jekundu la wimbi kwenye mikunjo.

"Wamekufukuza?"

"Bado."

"Lakini ile nafasi."

"Nafikiri imeenda, Kogo."

Bibi alisimama, akaingia ndani, akakaa huko muda mrefu hadi Nakhungu akadhani hatarudi. Aliporudi alibeba mfuko wa wimbi uliofungwa kwa kamba ya katani, akauweka mapajani mwake kwa kishindo.

"Peleka kwa mama yako," akasema, bila kumtazama. "Kama ndege hawaruhusiwi, nyinyi mtaruhusiwa."

Wiki iliyofuata, nyuma ya zizi, Nakhungu alihesabu ndege watano. Aliwaandika mmoja mmoja kwa mwandiko mzuri.

*

Nafasi alipewa Tonny.

Daktari aliwaambia wote wawili pamoja, Ijumaa ya mwisho wa Novemba, na Nakhungu alikuwa wa kwanza kumkumbatia. Hakuigiza. Tonny ndiye aliyeona aibu, akawa anasema "si ni bahati tu" hadi Daktari akamwambia anyamaze, haikuwa bahati, alikuwa na hesabu safi na sikio ambalo halifundishwi.

Nakhungu alikuwa akifunga begi lake la safari wakati Daktari alipomwita tena ofisini. Mezani kulikuwa na mchoro ule wenye mistari myekundu.

"Nimekuwa na wasaidizi kumi na saba," Daktari akasema. "Wawili walifukuzwa na mbwa. Mmoja aliibiwa darubini. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwagiwa wimbi. Umewahi kujiuliza hizi wiki saba ni nini?"

"Ni kosa langu, Daktari."

"Hilo tumeshalimaliza. Nauliza ni nini." Alisogeza mchoro mbele yake. "Nyumba tisa zilitoa nafaka kila asubuhi kwa wiki saba, na ndege wa nafaka wakaongezeka mara nne. Na wiki mbili za kabla unazo. Na tatu za baada ya hapo unazo pia, kwa sababu ulisema. Usingesema ningekuwa na takataka. Nenda nyumbani, niandikie kurasa mbili. Ungeuliza nini, kama ungepewa nyumba hizo tena?"

Alizipeleka Kabuchai, kurasa hizo mbili, kichwani tu. Desemba yote aliandika kwenye meza ya mama yake, wakinywa uji wa wimbi ya Kogo, na mama akimuuliza kila asubuhi, "Umefika ukurasa wa pili?" Kanisani mama alikuwa amesimama tena kama alivyoahidi. Aliwaambia watu kwamba Mungu amesema wangoje kidogo, na watu, ambao nao walikuwa na watoto wanaongoja, walipiga makofi kama mara ya kwanza.

Kurasa mbili zilianza kwa shukrani. Ziliorodhesha majina ya wenye nyumba tisa, la kwanza likiwa la Kogo Jepkorir. Daktari Cheptoo alizirudisha akiwa ameandika pembeni: Shukrani huwekwa mwisho. Mengine yako sawa. Nayapeleka chuoni.

Aprili, nyuma ya jiko, simu ilipokea barua ya chuo ikimpa nafasi. Nakhungu aliisoma mara tatu. Kisha akaenda shambani kumtafuta mama yake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akapiga kelele hadi majirani wakasikia.

*

Septemba iliyofuata alirudi mlimani. Safari hii nyumba zilikuwa kumi na nane, na wenye nyumba walikusanyika uani kwa Kogo. Nakhungu alisimama mbele yao. Sauti yake bado ilikuwa ndogo, lakini walikuwa wameizoea, wakasogea karibu.

Aliwaeleza. Nyumba tisa zitamwaga kikombe kimoja cha wimbi kila asubuhi, wimbi hiyo italetwa na chuo, si ya uji wao. Nyumba nyingine tisa hazitamwaga kitu. Kwa miezi mitatu. Hivyo ndivyo itakavyojulikana ndege wanabadilika kiasi gani, na kama wanaanza kuzaa zaidi karibu na watu wanaowapa.

"Na nani anachagua?" Kipkemei akauliza.

"Hakuna anayechagua. Ni bahati nasibu."

Vikaratasi kumi na vinane vilikuwa ndani ya sufuria, tisa vya Ndiyo na tisa vya Hapana. Kipkemei alichomoa Ndiyo, akairusha mikono juu kana kwamba amejishindia fahali. Wengine wakafuata. Kogo alingoja hadi karibu na mwisho, kama mwenye sufuria. Alichomoa, akafungua, akakitazama kikaratasi kwa muda mrefu.

Hapana.

"Hiki kimekosea," akasema. "Nipe kingine."

"Kogo, ni kimoja tu."

"Mimi ndiye niliyeanza hii kitu!"

"Najua."

"Bila wimbi yangu ungepata wapi kinamasi chako?"

Watu walicheka. Nakhungu hakucheka, maana aliona macho ya bibi. Angeweza kubadilisha. Kipkemei mwenyewe alikuwa ameshanyoosha chake. "Chukua, Kogo, si ni karatasi tu." Nakhungu alikizuia kile kikaratasi kwa mkono wake, mbele ya wote, naye hakuwahi kumzuia mtu mkono.

"Tukibadilisha kimoja, kazi yote imeharibika," akasema. "Tafadhali, Kogo."

"Hata punje moja?"

"Hata moja."

"Miezi mitatu?"

"Mitatu."

Kogo alikunja kikaratasi, akakitia kwenye mfuko wa sweta lake, akaingia ndani bila kuaga.

Usiku huo Nakhungu hakulala vizuri. Alijua kinachowezekana. Kogo akimwaga hata ukucha mmoja wa wimbi kwa siri, kwa upendo, hakuna atakayejua isipokuwa chozi, na safari hii hapakuwa na nafasi ya pili.

Alfajiri alifika nyuma ya zizi na kusimama pale pale aliposimama mwaka jana. Ukungu ulipoinuka aliona uwanja. Ulikuwa umefagiliwa. Si mbele ya mlango tu, bali hadi kwenye ua, hadi chini ya miguu yake mwenyewe, mistari ya ufagio mibichi kwenye udongo, wala punje, wala ganda, wala jani. Na kando ya zizi, kwenye kigoda, alikaa Kogo Jepkorir ndani ya sweta lake la kiume, mikono yote miwili ameibana katikati ya magoti, kama mtu anayemzuia mtoto asitoroke.

Dakika kumi walinyamaza wote wawili. Tetere alitua kwenye ua, akatazama chini, akaruka. Kogo alifumba macho.

Nakhungu alipofunga daftari, bibi akauliza, "Ngapi?"

"Watano."

"Watano," Kogo akarudia, kwa uchungu wa mtu aliyesikia habari ya msiba. "Na kwa Kipkemei?"

"Sijafika kwa Kipkemei."

"Ukifika, usiniambie." Alisimama, akipangusa magoti. Kisha akamshika Nakhungu mkono, kwa nguvu, akamvuta kuelekea jikoni, ambako birika lilikuwa likitokota na harufu ya viazi vilivyochomwa ilikuwa imejaa hadi mlangoni. "Ingia ukule. Wewe hukuwa ndani ya hiyo sufuria."

Nakhungu alikula viazi vitatu. Alipokataa cha nne aliwekewa viwili mfukoni, avile njiani kati ya kituo na kituo, na akavila, akishukuru kwa kila hatua.